Tate, Mjukuu na Picha za Hadithi: Makumbusho Ambayo Pinga Inaweza Kuwa Nayo



Leo sitaongea juu ya mihogo wala maharagi, ingawa ndiyo kazi niliyosomea mpaka lisansi. Nataka kueleza jambo ambalo wengi wetu tulimaliza chuo kikuu bila kulisikia hata siku moja. Kuna makumbusho duniani yaliyojengwa kwa ajili ya picha za vitabu vya hadithi za watoto. Humo hakuna mifupa ya wanyama wala viti vya wafalme. Kuna picha tu, zilezile za kitabu cha mtoto wa miaka mitano, zimewekwa katika fremu na kutundikwa ukutani kwa heshima. Na wageni wanaoonekana sana humo ni watu wawili walioshikana mikono: mzee na mjukuu wake.

Najua kuna atakayesema: bana, sisi huku barabara ni matope, vita haviishi, watu wanakimbia na magodoro kichwani, na weye unatuletea habari ya picha za watoto? Swali ni zuri. Nitalijibu pole pole, na jibu lenyewe litapitia kwenye migomba, maana mimi ni mtu wa kilimo hata nikijificha.

Makumbusho haya yalianza wapi

Makumbusho yanayotajwa kuwa ya kwanza duniani kwa picha za vitabu vya watoto yalifunguliwa Tokyo, Japani, mwaka 1977. Yanaitwa Chihiro, kwa jina la mama mmoja mchoraji, Chihiro Iwasaki, aliyefariki mwaka 1974. Yalijengwa mahali palepale alipokuwa na nyumba yake na kuchorea. Miaka ikapita. Eric Carle, mchoraji mkubwa wa Marekani, alitembelea makumbusho ya aina hiyo huko Japani, na yeye pamoja na mke wake Barbara wakaamua kujenga yao. Yalifunguliwa Amherst, jimbo la Massachusetts, mwaka 2002.

Sasa, tofauti na makumbusho mengine ni ipi? Ya kwanza, picha zinatundikwa chini kidogo kuliko kawaida, ili macho ya mtoto yazifikie. Mtu mzima njo anayeinama. Ya pili, mwanga ni hafifu. Karatasi na rangi za maji huharibiwa na mwanga, kwa hiyo wataalamu huweka picha za karatasi kwenye mwanga wa lux 50 hivi. Linganisha na nje: jua kali la saa sita linaweza kufika lux 100,000. Ndiyo maana picha moja haikai ukutani mwaka mzima. Inatolewa, inapumzishwa gizani, nyingine inachukua nafasi yake. Ya tatu, kuna mahali pa kukaa, kuna vitabu vya kufungua, na kuna meza ambapo mtoto anaweza kuchora na yeye.

Mtu atauliza: kama kitabu kipo, kwa nini kwenda kuona picha yake ukutani? Kuna sababu mbili.

Kwanza, picha ya asili inaonyesha mkono wa mtu. Carle alikuwa anapaka rangi karatasi nyepesi, anazikata, anazibandika moja juu ya nyingine. Kwenye kitabu huwezi kuona zile kingo zilizobandikwa. Ukutani unaziona. Mtoto anaelewa kwamba kitabu hakikushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu alikaa, akakata karatasi, akapaka gundi. Akishaelewa hivyo, anaweza kujiuliza kama na yeye angeweza.

Pili, kitabu kina maneno, na maneno yanachagua nani anayeruhusiwa kusoma. Picha ukutani haichagui. Hilo la pili ndilo linalotuhusu sisi kuliko yote, na nitalirudilia.

Mwaka 1969, vitabu viwili

Mwaka 1969 Eric Carle alitoa kitabu chake cha kiwavi mwenye njaa, anayekula matunda siku kwa siku mpaka anageuka kipepeo. Sisi wa kilimo kiwavi si rafiki yetu, hasa tangu tulipomwona yule wa mahindi anavyomaliza shamba. Lakini kitabu kile kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 60, na watoto wa dunia nzima wanakijua kiwavi kile kama ndugu yao.

Mwaka uleule wa 1969, chuo kikuu cha California kilichapisha kitabu kingine, kinene, chenye maelezo mengi chini ya kila ukurasa. Kilikuwa na utendi wa Mwindo, hadithi kubwa ya Banyanga. Ndiyo, Banyanga hawa wa Walikale, majirani na ndugu zetu, lugha ambayo huku Pinga unaisikia sokoni kila siku. Aliyeirekodi ni Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, mwaka 1956. Aliyekichapisha pamoja naye ni Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, Munyanga mwenyewe. Na aliyeitoa hadithi kutoka kifuani mwake ni mzee mmoja aliyeitwa She-Karisi Rureke. Aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza kwa siku kumi na mbili, huku vijana wakimpigia mdundo. Siku kumi na mbili!

Kwa wale ambao hawaijui, nitaisema kwa ufupi. Mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo aliwaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mvulana, anatembea na kuongea siku ileile, na mkononi ana conga, ule mgwisho wa nguvu zake. Baba alijaribu kumwua kwa mkuki, akajaribu kumzika, mwisho akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaibuka juu ya maji. Ilimpeleka mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye Mwindo anamfuata baba yake mpaka chini kuzimu, anapewa kazi zisizowezekana, anazimaliza, anamkuta baba. Na hamwui. Wanarudi nyumbani, wanapatana, wanagawana utawala.

Hebu fikiri hadithi hiyo kama picha. Mtoto anaelea mtoni ndani ya ngoma. Shamba la migomba linapandwa na kuvunwa siku moja. Radi Nkuba anashuka. Joka Kirimu anatoka msituni. Ni mchoraji gani atakataa? Huko Marekani mwandishi mmoja, Aaron Shepard, alishaisimulia upya kwa ajili ya watoto wa kwao. Maana yake, mtoto wa huko anaweza kumjua Mwindo kitandani kabla ya kulala. Mtoto wa Pinga, ambaye tate yake anaishi kilomita chache kutoka pale hadithi ilipozaliwa, anaweza kukua mpaka diploma bila kusikia jina hilo.

Wala msifikiri Kongo haina wachoraji wa vitabu. Dominique Mwankumi alisomea sanaa Kinshasa na amechora vitabu vya watoto vinavyosomwa Ufaransa na kwingine, juu ya watoto wa mto na watoto wa mjini. Barly Baruti, mwana wa Kisangani, jina lake ni kubwa katika hadithi za katuni. Mikono ipo. Kinachokosekana ni mahali ambapo mzee na mtoto wanaweza kusimama pamoja mbele ya kazi hizo.

Kwa nini tate wa Pinga hafiki

Mwaka 2019 Kinshasa ilipata Makumbusho ya Taifa mapya, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Ni jambo la kujivunia. Lakini kutoka Pinga mpaka Kinshasa hakuna barabara ya kumpitisha mzee. Angehitaji ndege, na kabla ya ndege angehitaji kupita vizuizi ambavyo hata kijana mwenye moto anavifikiria mara mbili. Pinga iko pale Masisi na Walikale zinapokutana, na miaka mingi sasa inapitiwa na watu wa bunduki wa kila jina. Wengine wetu tumekimbia mara tatu, mara nne. Tukisema mzee ampeleke mjukuu makumbusho, kwa kweli tunaongea juu ya mtu ambaye kumpeleka mjukuu kwenye kituo cha afya peke yake tayari ni safari.

Kuna umbali mwingine usiopimwa kwa kilomita. Shule zetu zimemweka tate nyuma ya mtoto. Mtoto wa darasa la pili akirudi na daftari, tate hawezi kulisoma, na mtoto anaanza kuamini kwamba tate hana kitu. Ukimbizi umeongeza. Familia inakaa miaka mitatu kambini, mtoto anajifunza Kiswahili cha kambi na Kifaransa kidogo, na lugha ya tate inabaki kwa tate. Wakirudi kijijini wanasalimiana vizuri, wanakula pamoja, lakini hadithi haipiti. Haina njia.

Tukumbuke tena: Rureke alirekodiwa mwaka 1956. Wazee wa leo hapa kwetu ni watoto waliozaliwa miaka hiyo au baadaye. Walisikia karisi wakiwa wadogo, kando ya moto. Tukiwapoteza hao, hata kile kitabu kinene cha California kitakuwa na maneno bila sauti, kwa sababu hakutakuwa na mtu wa kutuambia pale watu walikuwa wanacheka na pale walikuwa wananyamaza.

Kalasi moja, picha kumi na nane

Kiangazi kilichopita, wasomi sita tuliokuwa Pinga tuliamua kujaribu. Tuliomba kalasi moja ya shule ya msingi kwa siku ya Jumamosi, baada ya salongo. Tulitundika picha kumi na nane.

Kumi zilitoka kwenye mradi wa African Storybook, wa shirika la Saide huko Afrika ya Kusini, ambao tangu 2014 unaweka hadithi za watoto zenye picha kwenye intaneti kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake ni ya wazi: unaruhusiwa kupakua, kuchapa, hata kutafsiri, mradi utaje majina ya mwandishi na mchoraji. Mwenzetu aliye mjini alizichapa kwa rangi, zikafika Pinga ndani ya mfuko wa sampuli za mbegu.

Nane zilizobaki zilikuwa za Mwindo. Alizichora kijana anayeandika vibao vya maduka hapa sokoni, nyuma ya yale makaratasi makubwa ambayo mashirika huyaacha baada ya mafunzo. Upande mmoja umeandikwa malengo ya mradi, upande mwingine mtoto anaelea mtoni. Alitumia kalamu nene za rangi, makala ya jikoni, na udongo mwekundu wa barabarani uliochanganywa na gundi. Tulifunga kamba ya nailoni kutoka dirisha mpaka dirisha, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, tukashika picha kwa vibanio vya nguo. Chini ya kila picha tukaweka karatasi tupu na kalamu. Basi. Makumbusho yamekwisha.

Tuliwaomba watu wazima wasije peke yao, na watoto wasije peke yao. Kila mzee na mjukuu mmoja, wawili wakizidi. Niliwaangalia wengi siku ile, lakini nitaeleza juu ya baba yangu mzazi, ambaye watoto wa dada yangu wanamwita Tate, na mjukuu wake wa miaka sita. Huyu mtoto sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha kambini, pembeni ya Goma.

Mbele ya picha za mradi mtoto njo aliyeongoza. Aliona kuku, aliona bibi na ndoo, alisoma maneno mawili matatu. Tate alikuwa anaitika tu. Walipofika kwenye ngoma, mtoto alinyamaza.

"Tate, ule mutoto banamufungia mu ngoma juu ya nini?"

"Juu baba yake alikuwa anamuogopa."

"Baba anaogopa mutoto?"

"Inafikaka."

Hapo mzee alivuta benchi akakaa. Hakuondoka pale kwa muda mrefu. Alianza kwa Kiswahili, akaingiza Kinyanga kwenye majina, kisha kwenye wimbo mdogo ambao mimi mwenyewe, mwana wake, nilikuwa sijawahi kuusikia mdomoni mwake. Mtoto akawa anamrudishia neno la mwisho la kila mstari, bila kujua maana yake. Ndivyo inavyoanzaga.

Halafu Tate akaanza kukosoa. Kijana wetu alikuwa amechora Tubondo imezungukwa na mikalitusi na shamba la mahindi. "Huyu muchoraji ni wa juzi," mzee akasema. "Kule hakukuwa kalitusi. Kulikuwa migomba." Nami kama mtu wa kilimo nikasema moyoni: amepata alama zote. Mkalitusi ni mti wa Australia, uliletwa huku wakati wa ukoloni. Mahindi, mihogo na maharagi haya tunayokula vilitoka Amerika, vikaja na biashara ya baharini. Mgomba nao ulitoka Asia, lakini umekaa Afrika zaidi ya miaka elfu moja, mpaka umekuwa wa kwetu kabisa. Mzee hakusoma hata darasa moja la historia ya mimea. Alikuwa na hadithi, na hadithi ilikuwa imemchungia jibu.

Picha ya sita ilikuwa ya kazi ile Mwindo aliyopewa na Muisa, mwenye kuzimu: kupanda shamba la migomba na kuvuna siku ileile. Tate akanigeukia akicheka: "Injenia, unaweza?" Watu wakacheka. Siwezi. Mgomba wa kwetu unataka mwaka mzima, na wakati mwingine zaidi, kutoka kupanda mpaka kukata mkungu.

Lakini mtoto hakucheka. Aliuliza: "Na sisi, migomba yetu iko wapi?"

Hapo kalasi ilitulia kidogo. Tate akamweleza. Familia yetu ilikuwa na shamba kubwa la migomba. Kwanza ulikuja ugonjwa: majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata tunda ndani ni kahawia kama limeoza. Wasomi wa kilimo mnaujua, ni mnyauko wa bakteria, ambao hapa nchini uligunduliwa kwanza Masisi mwaka 2001. Dawa yake hakuna. Ni kukata mti wenye ugonjwa, kutoa ua dume mapema, na kusafisha panga kwa moto au kwa jiki kabla ya kuhamia shina jingine. Kilichobaki baada ya ugonjwa kilimalizwa na kukimbia. Shamba bila mtu ni msitu.

Kisha mzee akaanza kutaja aina za migomba zilizokuwa mle, moja moja, kwa vidole: huu wa kupika, huu wa pombe, huu wa wagonjwa, huu wa mama aliyejifungua. Alitaja majina saba. Niliandika kwenye ile karatasi tupu chini ya picha. Matatu kati ya hayo sikuyakuta katika kozi yoyote. Wenzangu wa kilimo wanajua: ukienda kwa mzee na karatasi ya maswali, ukamwuliza "mna aina ngapi za ndizi," atakujibu kifupi akuache uende. Siku ile hakuna aliyemwuliza. Alikuwa anamjibu mjukuu wake.

Mwisho wakafika kwenye picha ya nane, Mwindo na baba yake wamekaa uso kwa uso. Mtoto akauliza kama Mwindo alimpiga. "Hapana," Tate akasema. "Bakakaa pamoja. Bakagawana." Mtoto akaangalia ile picha, akasema: "Bongo." Uongo. Kwa mtoto aliyeona aliyoyaona, mtu aliyefungwa kwenye ngoma asilipe kisasi ni jambo lisiloaminika. Tate hakubishana naye. Alimwambia: "Rudi kesho nitakueleza namna gani." Hiyo kesho wanaiendeleza mpaka leo, pale nyumbani, jioni baada ya kula.

Namna ya kumsindikiza mzee na mtoto

Kwa wale watakaotaka kufanya hivyo kwao, Kitshanga, Mweso, Walikale, Kibua au hata mjini, haya ndiyo tuliyoyaona yanafaa.

1. Picha ziwe chache. Mtoto wa miaka mitano au sita huchoka baada ya nusu saa hivi. Picha nne zilizoongelewa vizuri zinapita ishirini zilizopitiwa mbio.

2. Mtoto aanze. Swali ni moja: "Unaona nini?" Halafu subiri. Usiharakishe kueleza, hata kama weye ni msomi, na hasa kama weye ni msomi. Mchoraji mzuri wa vitabu huweka kwenye picha jambo ambalo maneno hayakusema. Mtoto ndiye anayeligundua kwanza.

3. Maneno yafunikwe. Tulikunja sehemu ya chini ya karatasi za mradi ili maandishi yasionekane mwanzoni. Ukiyaacha wazi, anayejua kusoma anakuwa mkubwa na tate anarudi nyuma. Ukiyafunika, wote wawili wanaanza sawa.

4. Tate atumie lugha yake. Akichanganya, achanganye. Mtoto hahitaji kuelewa kila neno ili aelewe kwamba lugha ile ni ya kwake pia.

5. Weka kiti, na fikiria macho ya mzee. Wengi wana mtoto wa jicho. Picha ziwe kubwa, mwanga utoke pembeni, usimpige usoni.

6. Tate akikosoa picha, andikeni. Na jina lake liandikwe. Tunamjua Rureke kwa sababu jina lake liliwekwa kitabuni. Kuna wasimulizi wangapi waliorekodiwa katika nchi hii na kubaki "mzee mmoja wa kijiji"? Ukitaka kumrekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza, na umweleze sauti yake itakwenda wapi.

7. Kabla ya kuondoka, mtoto achore. Nyuma ya karatasi aandike jina lake, jina la tate, na tarehe. Huo ndio mwanzo wa mkusanyiko wenu.

Kuchunga karatasi kama mbegu

Sehemu hii ninaiweza bila kuazima akili ya mtu. Maadui wa karatasi ni walewale wa mbegu: unyevu, joto, mwanga na wadudu. Maharagi tunayakausha mpaka unyevu wa asilimia 13 au chini yake ndipo yakae ghalani. Karatasi nayo ikilowana huota ukungu, rangi inavuja, inashikana na mwenzake. Kwa hiyo: usitundike picha siku ya mvua na madirisha wazi. Usiziache ukutani wiki nzima juani. Ukimaliza, ziache zikauke kivulini, weka karatasi safi katikati ya kila mbili, lala nazo bapa, usizikunje. Zitie katika sanduku la bati lenye kifuniko, na uliinue juu ya mawe au mbao, maana mchwa wa Pinga hawaulizi ruhusa. Kila mwezi, siku ya jua, fungua sanduku uangalie.

Na piga picha za simu kwa kila karatasi, umtumie mwenzako aliye mji mwingine. Tunaijua nchi yetu. Siku ya kukimbia hakuna atakayebeba sanduku, atabeba mtoto. Lakini picha zikiwa katika simu za watu watano, zimeshakimbia kabla yetu.

Neno kwa wasomi

Wengi wetu tuko na diploma na lisansi, na kazi hatuna. Tunangoja mradi uje na bajeti, na magari meupe. Kazi hii haikungoja. Iligharimu kamba, vibanio, kalamu za rangi, mchana mmoja wa kijana anayeandika vibao, na moyo wa mwalimu mkuu aliyetupa ufunguo. Elimu yetu ilihitajika mahali padogo tu: kupakua, kupanga, kuandika majina vizuri. Sehemu kubwa ilifanywa na watu wasiojua kusoma.

Kipindi cha mapumziko ya shule kinachokuja tutafungua tena kalasi, na safari hii tunataka picha za Bahunde na Bakobo pia, kila watu na hadithi yao, kwenye kamba moja. Kijana wetu ameshaanza kurekebisha Tubondo: ameitoa mikalitusi, ameweka migomba. Mwenye tate nyumbani amlete. Mwenye tate aliye mbali ampigie simu leo, amwulize jambo moja tu: ulipokuwa mtoto, nani alikuwa anakusimulia, na alikuwa anaanza na maneno gani? Yaandikeni, na jina lake pembeni.